Kutafakari: naanzaje?

Wakuu, nataka kuanza kutafakari (meditation), yaani kukaa kimya na kutuliza akili. Nikae vipi, na kwa muda gani?

Jibu 1: Dakika 5 zinatosha, asubuhi kabla hujashika simu. Kaa kwenye kiti, nyayo zote sakafuni, mgongo wima bila kuegemea. Pumua kwa pua na uhesabu kila pumzi inapotoka, 1 hadi 10, kisha rudia. Ukipoteza hesabu, anza tena 1.

Jibu 2: Naongezea: usivute pumzi kwa nguvu na haraka. Kaboni dayoksaidi hupungua mwilini, ndipo kichwa kinazunguka na vidole vinaingia ganzi.

Jibu 3: Kitandani utasinzia. Na mawazo yakija hujashindwa. Kushtuka kwamba umepotea na kurudi kwenye pumzi ndilo zoezi lenyewe. Ukilizoea, hata hasira ikipanda kazini, unaweza kuishtukia kabla hujajibu.