Waifu mjamzito anakunywa ulanzi, mama mkwe anasema ni chakula. Naomba ushauri

Habari wakuu, niko huku Mafinga, waifu ana mimba ya miezi mitano. Shida ni ulanzi, ile pombe ya kugema kwenye mianzi. Msimu huu wa mvua mnajua wenyewe, mama mkwe akija anakuja na kidumu cha lita tano anamimina kwenye kikombe cha bati anampa mwanae, eti huu ni mtamu wa asubuhi sio pombe, unaongeza damu. Sasa huo mtamu wa asubuhi ikifika jioni umeshachacha povu linamwagika na bado wanaunywa huo huo.

Kliniki nesi alituambia pombe inapita kwenye kondo mpaka kwa mtoto, ini lake bado changa, na ubongo unajengeka miezi yote tisa sio ile mitatu ya mwanzo tu, kwahiyo hakuna kiasi cha kusema hiki salama. Mtoto anaweza kuja kuwa mzito kushika masomo, hatulii, na hakuna dawa ya kuurudisha ubongo ulivyotakiwa kuwa. Mama mkwe anajibu mbona yeye kazaa saba na alikunywa.

Na mi mwenyewe si msafi, nilikua navuta fegi ndani sababu ya baridi, mlango umefungwa, nesi akasema hata moshi huo unamfikia mtoto, anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Hapo nilinyamaza. Tangu Jumatatu navutia nje.

Namwambiaje mama mkwe bila kumvunjia heshima? Na waifu akiacha leo bado inasaidia au ndo tumeshachelewa?