Kima punju Jozani, nitumie flashi?

Wakuu habari, wikiendi naenda msitu wa Jozani, Zanzibar, na kamera, nasikia kima punju, wale kima wekundu, wanakusogelea wenyewe, flashi nitumie au niache?

— Flashi acha kabisa kaka, na wakikusogelea rudi nyuma maana mafua yetu yanawapata. Mie nilikaa kimya chini ya mti, mmoja akashuka na kipande cha mkaa mkononi anakitafuna taratibu, ndo picha ninayoipenda kuliko zote.

— Huo mkaa unawasaidia dhidi ya sumu ya majani ya miembe na miti ya mikungu wanayokula. Hawapo kokote duniani zaidi ya Zanzibar, ukiposti andika hivyo watu wajue.

— Na barabarani hapo endesha polepole jamani, wanagongwa, yale matuta yamewekwa kwa ajili yao.