Naomba ushauri: kijana wangu ni AS na anacheza raga

Wapendwa, naombeni mawazo yenu. Mwanangu ana miaka 17. Alipimwa damu hapa Nairobi na majibu yakatoka AS, yaani amerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja, lakini si mgonjwa. Kwetu Siaya jambo hili si geni, maana jeni hiyo humkinga mtoto na malaria kali.

Shida ni mazoezi. Kocha huwakimbiza mbio za kasi mfululizo, jua la saa nane, bila kupumzika. Sasa anataka kuwapeleka Iten, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Nimesoma utafiti wa mwaka 2016 kuhusu wanajeshi wa Marekani: wenye AS hawakufa zaidi kuliko wenzao, ila hatari ya misuli kuharibika kwa mazoezi, hali inayoweza kuumiza figo, ilizidi kwa asilimia 54. Hilo linaninyima usingizi. Tena nyanda za juu bandama nayo inaweza kuumia.

Sitaki kumkataza, raga ndiyo furaha yake. Daktari amesema anywe maji, aongeze mazoezi polepole, apumzike kati ya mbio, na misuli ikilegea ghafla au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, akimbizwe hospitalini. Sawa, lakini kocha nitamwambiaje mtoto asiachwe kikosini? Na kuna mzazi aliyewahi kupeleka mtoto mwenye AS Iten? Alikaa siku ngapi kabla ya kuanza kukimbia?