Natoka Faza kwenda kujifungulia Lamu, nifunge nini?

BintiFaza:
Assalaam alaykum dada zangu. Hii ndiyo mimba yangu ya kwanza, na nesi wa kliniki ameniambia nisizalie hapa kisiwani Pate, niende hospitali ya King Fahad, Lamu mjini, kwa sababu presha imekuwa ikipandapanda. Tarehe yangu ni katikati ya mwezi wa saba, kusi kali. Mavyaa ameshamnunulia mtoto kofia za sufu za kila rangi na mkoba umejaa kabla mimi sijatia hata leso moja ya kujifunga. Vitu vya lazima ni vipi hasa? Na nivipakie vipi nisifike gatini vimerowa chapachapa? Mume wangu yuko baharini, atakayenisindikiza ni wifi yangu, naye hajazaa bado.

MamaMkubwa_Siyu:
Wa alaykum salaam mwanangu. Mkoba uwache nyumbani. Tafuta ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, ile ya mafuta ya kupikia, uioshe kwa sabuni na maji ya moto mpaka harufu iishe. Kusi hii ukae mbele ya boti ukae nyuma, utarowa tu, lakini ndoo iliyofungwa vizuri haiingii maji. Na ukifika wodini haikai bure, ndimo utakamoroweka nguo za damu.

Chini kabisa tia leso za zamani, zile zilizofuliwa mpaka zimelegea. Leso mpya ina wanga, damu inateleza juu yake. Jozi moja mpya iweke ya kutokea hospitali, maana mawifi watataka picha. Kisha pedi kubwa za uzazi, pamba, chupi ambazo hutazililia zikitupwa, dira mbili za vifungo mbele upate kunyonyesha bila kuvuliwa nguo mbele za watu, ndara za mpira za kuendea chooni, mswaki, sabuni ya kipande, kikombe na kijiko chako, chaja ya simu. Chupa ya chai usiisahau kabisa. Baada ya kuzaa utahisi baridi na njaa ambayo hujapata kuihisi, na uji wa pilipili manga ukiwa moto ndio utakaokurudishia roho.

Mtoto haja zake chache: nguo mbili tatu, nepi, soksi, kofia moja, leso laini ya kumpangusia na nyingine kavu ya kumfunika. Mwambie mavyaa kofia nyingine zingoje arobaini.

Sasa nisikize hapa. Ndoo hata ijae dhahabu haitakufaa ukiondoka umechelewa. Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki maji ya bahari yakitoka. Siku za bamvua yakipwa unaona tope na mikoko tu, boti inangoja na wewe unangoja nayo. Kuzunguka nje ya Manda na kusi hili si safari ya mwenye mimba. Jirani yangu alizalia mumo humo Mkandani, wanawake wakamzungushia maleso na nahodha akageuza uso akahesabu mikoko. Kijana sasa ana ndevu na bado wenzake wanamwita Mkanda. Nyinyi mnacheka, mamake hacheki. Nenda mapema, ukae kwa jamaa mtaa wa Langoni, hospitali iko upande huohuo.

Nesi_wa_Bara:
Ndoo naiunga mkono, na kuondoka mapema zaidi. Kwa kuwa una presha usingoje uchungu: ukifika wiki ya 37 uwe tayari uko Lamu mjini, au kabla ya hapo kama kliniki watasema. Kichwa kikikuuma sana, ukaona ukungu machoni, uso ukavimba, ukapata maumivu chini ya mbavu, ukatokwa na damu, au mtoto akapunguza kucheza, nenda hospitali wakati huohuo. Usilale ukisema nitaona asubuhi.

Kitabu cha kliniki na kitambulisho visiingie ndoo. Vivae shingoni. Kitabu kina kundi lako la damu na presha zako zote, bila hicho wanaanza kukuuliza upya nawe huna nguvu ya kujibu. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF haipo, ni SHA. Unajisajili kwa *147#, lakini kujisajili peke yake hakutoshi kwa hospitali kubwa, lazima mchango uwe umelipwa. Malizeni hilo sasa.

Pedi na pamba zitumie kuliko leso za rangi, kwa sababu tunataka kuona damu inatoka kiasi gani. Pedi kubwa ikirowa yote ndani ya saa moja, ita nesi, usione haya. Na kitovu kisipakwe wanja, majivu wala mafuta. Utapewa dawa yake hapo.

Shoga_Mkomani:
Beseni usibebe, maduka ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya Lamu mjini, yanayo, na pedi pia zikikwisha. Mnamsahau wifi! Naye afungiwe vyake: mkeka, leso ya kujifunika, pesa ndogondogo, na namba za watu wawili walio tayari kutoa damu ikihitajika. Msindikizaji mwenye njaa ni mgonjwa wa pili.

BintiFaza:
Ahsanteni sana, ndoo nimepata kwa muuza mahamri. Kofia mavyaa amekubali zibaki. Tunazozana juu ya asali, anataka mtoto aonjeshwe akizaliwa tu, anasema watoto wake wote walionja. Nesi, nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Nesi_wa_Bara:
Mwambie asali hiyo ailete, lakini ni ya uji wako. Mtoto hapewi asali mpaka atimize mwaka, inaweza kumletea sumu ya kumlegeza viungo na hata pumzi. Cha kwanza kuingia kinywani mwake kiwe titi, ndani ya saa ya kwanza, na yale maziwa ya manjano yasikamuliwe yakamwagwa. Mavyaa akikataa bado, mje naye kliniki siku yako ya kupimwa presha, nitazungumza naye mimi. Hapo atakasirika na mimi, si na wewe.

MamaMkubwa_Siyu:
Na mfuniko uujaribu kwanza: jaza maji, uipindue ndoo. Za mahamri huwa zimepasuka ukingoni.