Karo imefutwa, mbona wanafunzi watu wazima bado wanaacha masomo?

Swali
Habari zenu. Mimi ni mshauri katika chuo cha kijamii (chuo cha umma cha masomo ya miaka miwili) jimboni Massachusetts, Marekani, ambako tangu mwaka 2023 mpango wa MassReconnect umewaondolea karo wakazi waliotimiza miaka 25 na ambao hawana shahada. Walijiandikisha kwa wingi, lakini ifikapo wiki ya sita ya muhula viti huanza kubaki wazi, na wanaoondoka si wavivu: ni madereva, wahudumu wa wazee, akina mama wanaolea peke yao. Ni msaada gani uliowafaa wenzenu?

Jibu la kwanza
Nilirudi darasani nikiwa na miaka 41 na watoto watatu. Shida yangu ilikuwa saa, wala si karo. Nilitoka zamu ya usiku nikaingia darasani moja kwa moja, na nilipoamka jioni ofisi ya misaada ya fedha ilikuwa imeshafungwa, kiasi kwamba sahihi moja iliyokosekana kwenye fomu ilinigharimu siku tisa. Walipoanza kufungua hadi saa mbili usiku kila Jumatano, nilimaliza yote kwa dakika kumi, mtoto amelala begani. Anzeni na hilo kabla ya semina nyingine ya kupanga muda (muda wenyewe uko wapi?).

Jibu la pili
Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha ASAP, mpango wa kuwasaidia wanafunzi wamalize masomo mapema, mwaka 2007, kikawapa wanafunzi mshauri asiyelemewa na watu wengi, nauli na msaada wa vitabu. Katika utafiti wa MDRC, shirika la utafiti la Marekani, uliowagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, asilimia 40 ya waliokuwa kwenye mpango walihitimu ndani ya miaka 3, ilhali wenzao walikuwa asilimia 22. Hata hivyo ASAP hudai masomo ya muda wote, sharti ambalo mhudumu wa zamu za usiku halimudu. Mimi ningechukua mshauri na nauli, sharti nikaliacha.

Jibu la tatu
Msisahau kwamba fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa fedha za masomo wa serikali ya Marekani, hutazama mapato ya miaka miwili nyuma, hivyo aliyeachishwa kazi juzi bado huhesabiwa kuwa na mshahara. Ofisi ya misaada inaruhusiwa kisheria kurekebisha hesabu hiyo ikiletewa uthibitisho, ila mwanafunzi ndiye anayepaswa kuomba, na wengi hawaambiwi.

Mwuliza swali
Ahsanteni. Nimepitia majalada ya walioondoka muhula huu: hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa kama mapato yake yamebadilika. Nitaanza kuwapigia simu kesho, jioni.