Mbwa wangu dume hajahasiwa, na mbwa wa majirani wanazurura: nianzie wapi?

Mlinda_Lango:
Wadau, naomba ushauri wa vitendo. Nina mbwa dume wa miaka 3, kilo 34, hajahasiwa. Majirani wa pande mbili huwafungulia mbwa wao, madume wawili na jike mmoja. Madume wanakuja kukojolea uzio wangu na wangu anakimbia kandokando ya wavu akibweka, sasa ameanza kuchimba. Jike akiingia kwenye joto (kipindi cha kutaka dume), wangu hali chakula vizuri, analia usiku na anajaribu kuruka. Uzio ni wavu wa chuma wa mita 1.2 na chini ya geti pana uwazi wa sentimita 15. Nikimtoa kwa kamba tunafuatwa. Nataka kujua la kufanya kwenye uzio, njiani, na ugomvi ukitokea. Tafadhali, habari za sumu na mawe sizitaki, hao mbwa hawana kosa.

Fundi_Uzio:
Anza na uzio, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho hakimsubiri jirani abadilike. Na ujenge ukijua kwamba unazuia pande mbili: wako asitoke, wao wasiingie.

Mita 1.2 haimzuii mbwa wa kilo 34 aliyenusa jike. Lenga mita 1.8. Kama nguzo zako bado ni imara, huna haja ya kuzing'oa. Chomelea au funga kwa boliti vyuma vya urefu wa sentimita 85 hivi juu ya kila nguzo, vikiinama kuelekea ndani kwa nyuzi 45, kisha vuta wavu juu yake. Viiname ndani, siyo nje, ili anayepanda akutane na wavu juu ya kichwa chake na akose pa kushika. Ondoa pia kila kitu cha kukanyagia kilicho karibu na uzio: ndoo, tofali, banda, rundo la kuni.

Chini, laza wavu. Kata mkanda wenye upana wa sentimita 60, uulaze juu ya ardhi ukianzia kwenye uzio, ufunge kwenye wavu wa wima kwa waya kila sentimita 15 hadi 20, halafu ufukie kidogo au ukandamize kwa mawe. Mbwa huchimba pale pale uzio unapogusa ardhi. Akikuta wavu hapo, ni nadra arudi nyuma hatua nzima kuanza shimo jingine. Kwako ulaze pande zote mbili, maana na wageni watachimba kutoka nje. Ncha za waya zikunjwe zitazame chini, la sivyo zitamchana nyayo.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau: wavu peke yake hauzuii mimba. Dume na jike wakipata wavu uliolegea au tundu la kutosha, hupandana kupitia uzio. Matundu makubwa pia huruhusu pua na miguu kupenya, na hapo ndipo panapotokea majeraha mabaya ya kuumana. Matundu yasizidi sentimita 5. Upande unaopakana na jike, ama weka uzio wa pili ndani ukiacha nafasi ya mita 1 au zaidi kati yao, ama ziba mita 1.2 za chini kwa mbao, mabati au ukuta. Mimi napendelea kuziba. Wavu ulio wazi ni ngazi kwa mbwa, na pia unamwonyesha kila anayepita. Huo mtindo wa kukimbia kandokando akibweka unakua kwa sababu kila mara mgeni "anaondoka" baada ya kubwekewa, na wako anajifunza kwamba inafanya kazi. Ukitumia bati, kunja kingo zake.

Geti nalo hutorosha mbwa wengi. Uwazi wa chini usizidi sentimita 5: mwaga kizingiti cha zege, au chomelea chuma cha pembe chini ya geti. Weka komeo linalojifunga lenyewe. Ukiweza, jenga kijigeti cha pili mita 2 ndani, ili mtu afunge la kwanza kabla ya kufungua la pili.

Kuhusu zile kola zinazopiga shoti mbwa anapokaribia mpaka: kwa hali yako hazifai kabisa. Hazizuii mbwa wa nje kuingia, na dume aliyepagawa na harufu huvumilia shoti, anavuka, kisha anaogopa kurudi.

Kamba_Fupi:
Naongezea: usimfunge mnyororo uani wakati unasubiri fundi. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia wala kujipanga, kwa hiyo akivamiwa na wawili anaumizwa, na kila siku anayokaa hivyo anazidi kuwa mkali kwa wapitao. Mtoe kwa kamba, mkojo na choo, mrudishe ndani.

Njiani: kamba ya kawaida ya mita 1.5 hadi 2, siyo ile inayojivuta na kujirefusha. Hiyo inakata vidole, na mbwa akishika kasi huna breki. Kwa kilo 34 tumia hanesi (mikanda inayozunguka kifua na mgongo) yenye pete kifuani, na kola iliyokaza vizuri kama akiba.

Ukimwona mbwa aliye huru mbali, geuka mapema kwa mkunjo mpana na uweke kitu katikati yenu: gari, ukuta, kichaka. Usikaze kamba. Kamba iliyokazwa inainua kifua na kichwa cha mbwa wako, na yule anayekuja anasoma hiyo kama changamoto. Msome na yeye. Anayekuja kwa mzunguko, mwili umelegea, ananusa ardhi, mara nyingi atapita. Anayekuja moja kwa moja, mwili umekakamaa, mkia juu, macho hayabanduki, ndiye wa kuwa naye makini.

Akifuata, usikimbie. Mweke mbwa wako nyuma yako, mgeukie mgeni, nyoosha kiganja mbele na toa amri moja kwa sauti nzito: "Rudi!" au "Nyumbani!" Mbwa wengi wa nyumbani wanazijua amri hizo. Asipogeuka, rusha chakula kikavu kiganja kizima kwenye ardhi aliposimama yeye, siyo miguuni pako, kisha ondoka akiwa anaokota. Mwavuli unaofunguka kwa kubonyeza ni ngao nzuri sana, ila mzoeshe wako nyumbani kwanza kwa siku kadhaa, vinginevyo atakayeshtuka ni yeye.

Ugomvi ukishaanza: mikono isikaribie shingo wala kola. Mbwa aliye vitani anageuka na kuuma chochote kinachomgusa, hata mwenye mbwa. Anza na maji mengi ya bomba usoni, au kelele kubwa ya ghafla, au sukuma ubao mpana katikati. Visipofaa na mko watu wawili, kila mmoja ashike mbwa mmoja miguu ya nyuma, juu karibu na mapaja, mwinue na kurudi nyuma kwa wakati mmoja mkizunguka kidogo ili asijipinde kuwauma. Kama meno yameng'ang'ania, msivute, ngozi itachanika. Subirini alegeze, ndipo mrudi nyuma. Ukiwa peke yako, mfunge kwanza mmoja kwa kamba kwenye nguzo, kisha mvute mwingine.

Baada ya hapo pekua manyoya kwa vidole. Tundu dogo la jino juu ya ngozi huficha nyama iliyochanika ndani, na usaha hujitokeza baada ya siku mbili tatu. Kila tundu lionwe na daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Na binadamu akiumwa au mate yakiingia kwenye jeraha: sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili ni kifo. Kadi ya chanjo ya mbwa wako isipitwe na tarehe hata kwa siku moja, maana anaishi na mbwa ambao hujui historia yao.

Jirani_Mwema:
Naenda kwenye suala la jike, kwa sababu kalenda yake ndiyo inayoendesha vurugu yote.

Joto huchukua wiki 3 kwa wastani, wengine 2, wengine 4, na hurudi kila baada ya miezi 6 au 7 hivi. Kwenye siku 9 za mwanzo, zaidi au pungufu, anavimba na kutoa damu, madume wanamfuata lakini anawakataa. Kisha damu inakuwa nyepesi, inageuka rangi ya majani makavu au waridi, na watu wengi wanadhani yameisha, wanamfungulia. Hapo ndipo anapokubali dume! Mwambie jirani jambo hili moja tu na utakuwa umefanya kazi kubwa: ahesabu wiki 4 kamili tangu damu ya kwanza, asiangalie rangi.

Nenda kwa jirani na tarehe na ombi dogo, siyo malalamiko ya jumla. "Jike wako ameanza joto Jumatatu, naomba awe ndani mpaka tarehe fulani, na mimi nitamweka wangu ndani vilevile." Pendekeza mchangie gharama ya kumfunga kizazi, maana nafuu ni yenu wote. Kama hasikii, andika tarehe, saa na upige picha kila mbwa wao wanapoingia kwako, kabla hujaenda kwa viongozi wa eneo.

Wakikutwa wameshikana, msiwatenganishe. Uume wa mbwa huvimba ndani na hukaa hivyo dakika 5 hadi 30, wakati mwingine zaidi. Kuwavuta au kuwapiga huwararua wote wawili. Waache, wazuieni tu wasikimbie. Kisha mwenye jike aende kwa daktari ndani ya siku chache; zipo sindano za kukatiza mimba, na mapema ni salama kuliko baadaye. Asimpe dawa za binadamu. Asipofanya kitu, watoto watazaliwa baada ya siku 63 hivi.

Na usidhani dume hapotezi kitu. Kuna uvimbe wa kuambukiza wa sehemu za siri, ambao seli zake zenyewe huhama kutoka mbwa hadi mbwa kwa kupandana, hata kwa kunusa na kulamba. Ukiona matone ya damu yanayojirudia kwenye uume, ni wa kuchunguzwa. Wengi hupona kwa sindano za vinkristini, dawa ya saratani, kila wiki kwa wiki kadhaa. Kuna pia brusela ya mbwa, ugonjwa wa bakteria: korodani huvimba, majike huharibu mimba, na binadamu anaweza kuambukizwa.

Mlinda_Lango:
Nashukuru sana. Jirani mmoja anasema nikimhasi wangu, mbwa wake wataacha kuja. Ni kweli?

Tabibu_Wanyama:
Si kweli kwa sehemu kubwa. Madume hao wanakuja kwa sababu wamefunguliwa na njia yao inapita kwako. Baadhi ya madume huwa wakali zaidi kwa dume mwenye korodani, kwa hiyo ugomvi unaweza kupungua, lakini uzio bado utauhitaji.

Kinachopungua zaidi baada ya kuhasi ni kutoroka kufuata majike, kupandapanda, na kukojolea kila kitu. Kukimbia na kubweka kwenye uzio ni mazoea, na mazoea hayamo kwenye korodani. Ukali unaotokana na woga haupungui, na kwa mbwa wengine huongezeka. Kwa hiyo jiulize kwanza: anapobweka, anasonga mbele au anarudi nyuma akibweka? Kama ni mwoga, mweleze daktari kabla ya kuamua.

Akihasiwa, testosteroni (homoni ya kiume) hushuka ndani ya siku chache, ila mbegu zilizobaki kwenye mirija zinaweza kutungisha mimba kwa wiki kadhaa. Mtenge na majike kwa wiki 6. Punguza chakula kwa kama moja ya tano hadi theluthi moja ukipima uzito kila mwezi, maana hunenepa upesi. Miaka 3 ameshamaliza kukua, hivyo umri si kikwazo. Kukata mirija tu kunazuia mimba lakini homoni inabaki, na tabia zote zinabaki nayo.

Ukitaka kujaribu kwanza, uliza kipandikizi cha deslorelini, dawa inayozima homoni ya kiume kwa muda, kinachowekwa chini ya ngozi. Kipo cha miezi 6 na cha miezi 12. Angalizo: wiki za mwanzo homoni hupanda kabla ya kushuka, hivyo anaweza kuchachamaa zaidi, na utasa huja baada ya wiki 6 au zaidi. Usikiweke wakati jike wa jirani anakaribia joto.

Ukiamua kutomhasi, ni sawa pia kama utamlinda. Mchunguze korodani kwa mkono kila mwezi, na akifika makamo angalia kama anajikaza kujisaidia au anakojoa damu, maana tezi dume hukua kwa madume wasiohasiwa.

Mlinda_Lango:
Nimeelewa. Nitaanza na kizingiti cha geti na wavu wa kulala wiki hii, kisha kuziba upande wa jike. Tarehe ya joto lake la mwisho nitamwuliza jirani leo. Kipandikizi nitakijadili na daktari uzio ukishakamilika.

Fundi_Uzio:
Mpangilio mzuri. Siku ya kumwaga zege, mbwa akae ndani, na geti lisipitwe naye kwa siku mbili au tatu. Saruji mbichi huunguza nyayo, na akizilamba humuunguza mdomo. Akikanyaga, osha kwa maji mengi papo hapo, usisubiri ikauke.