Tupeane uzoefu: waandishi tofauti, jina la ukoo moja

Mtoa mada
Wakuu, salaam. Mimi mchezo huu wa kusoma waandishi wa jina moja nimeuanza kwa kukosea. Nilikuwa namtaka Philip Roth, yule Mmarekani wa Newark. Nikachomoa kitabu rafuni kilichoandikwa "Roth" ubavuni, jina la kwanza sikulitazama. Nafika nyumbani, nafungua, nakuta vita vya Solferino na luteni anayemsukuma Mfalme wa Austria chini ili risasi isimpate. Huyo alikuwa Joseph Roth. Riwaya yake hiyo, Radetzkymarsch, ilitoka 1932, mwaka mmoja kabla Philip hajazaliwa!

Nilitaka kukirudisha kesho yake. Nikasema ngoja nimalize sura moja, nikajikuta nimefika pale mfalme amekwisha kuzeeka, tone linaning'inia kwenye ncha ya pua, na maofisa wote wanalikodolea macho wakingoja lidondoke. Dola zima limo kwenye lile tone. Kwa hiari yangu nisingekishika kitabu kile. Mambo ya majeshi na wafalme sina hamu nayo kabisa.

Basi nikaamua kuimaliza rafu. Nikamfuata Henry Roth, Call It Sleep, 1934: mtoto wa wahamiaji New York anayemwogopa baba yake kama simba. Nyumbani wakisema Kiyidi maneno yanatiririka, mtaani wakisema Kiingereza wanajikwaa kila hatua. Mwandishi wake alikaa miaka 60 ndipo akatoa riwaya nyingine, 1994. Philip nilimsoma wa mwisho, na kwa kweli sikumwona mkubwa kama nilivyokuwa nimemkuza kichwani.

Hawa watatu si ndugu. Tangu hapo nachukua jina moja, nasoma watatu au wanne, na sijichagulii mada. Nanyi leteni yenu.

Mchangiaji wa 1
Kwangu ni Mohamed. Utengano nilikisoma zamani, kwa hiyo nilipokiona Nyota ya Rehema nikajua ni mtu yuleyule. Kumbe Utengano (1980) ni cha Said Ahmed Mohamed, na Nyota ya Rehema (1976) ni cha Mohamed Suleiman Mohamed, yule wa Kiu. Wote wa Zanzibar, kwa hiyo mkorogano wangu nadhani unasameheka.

Raha yake ni kuvisoma kimoja nyuma ya kingine. Maimuna wa Utengano baba yake anamfungia ndani, hata dirishani ni dhambi. Rehema baba yake anamkataa kwa rangi ya ngozi yake. Mmoja anabanwa hadi anaripuka, mwingine anasukumwa nje hadi hana pa kwenda. Nilipomaliza cha pili nilirudi kwa Maksuudi, baba yake Maimuna, nikamsoma upya kwa jicho la Fuad, babake Rehema, na mara hii sikumwonea huruma hata chembe. Mohamed Suleiman ana Kiswahili cha kukaa kitako. Sentensi unairudia kwa utamu tu. Said anakuwahisha, anataka uone uozo haraka.

Ila mtoa mada, "jina la ukoo" kwetu wengine ni neno la kuazima. Huo Mohamed ni ubini: jina la baba au la babu. Wanaume wawili wasiojuana, babu zao wakiitwa Mohamed, wanakaa rafu moja maisha yao yote.

Mchangiaji wa 2
Mimi sioni mantiki. Ni sawa na kuchagua kitabu kwa rangi ya jalada.

Mtoa mada
Ndivyo hasa mkuu, sikatai. Lakini nikichagua kwa akili zangu nachukua riwaya za upelelezi, kila siku, tangu nina miaka kumi na tano.

Mchangiaji wa 3
Niongezee wa familia moja. Isaac Bashevis Singer ndiye aliyepata Nobel mwaka 1978, lakini kaka yake, Israel Joshua, ndiye aliyevuma kwanza. Mdogo akachukua jina la mama yao, Bathsheba, akatengeneza "Bashevis" ili wasichanganywe. Nimewasoma wote wawili. Kaka anajenga riwaya kama mji, viwanda na umati wa watu. Mdogo anakuletea mashetani hadi jikoni.

Sasa linaloniuma: kulikuwa na dada yao mkubwa, Esther, naye mwandishi. Riwaya yake ni ya binti wa rabi mwenye akili, katika nyumba ambayo vitabu ni vya wavulana. Aliolewa, akaitwa Kreitman, kwa hiyo mchezo wenu wa rafu ya S haumfikii. Mimi nilimpata kwa bahati, kwenye dibaji ya kitabu cha mtu mwingine.

Mchangiaji wa 4
Hilo la mchangiaji wa 3 ni kubwa. Na kuna kinyume chake: Ngũgĩ wa Thiong'o tunamtafuta N, ilhali Thiong'o ndiye baba yake. Mwanawe Mũkoma wa Ngũgĩ, wa Nairobi Heat, na Wanjikũ wa Ngũgĩ, wa The Fall of Saints, wote wamejitambulisha kwa jina lake la kwanza. Hiyo Nairobi Heat ni upelelezi mtupu, mtoa mada utafurahi.

Mchangiaji wa 5
Mimi nilimsoma Winston Churchill asiye waziri mkuu. Mmarekani, mwandishi wa riwaya, na mwaka 1899 ndiye aliyekuwa maarufu zaidi! Yule Mwingereza akamwandikia barua, wakaelewana kwamba Mwingereza atatia Spencer katikati. Ukiona Winston S. Churchill kwenye jalada, hiyo S ina historia. Riwaya yenyewe, Richard Carvel, ilinichosha nikaiachia katikati.

Mchangiaji wa 2
Haya, mmenishinda. Nimesimama mbele ya Smith. Kuna Zadie, kuna Wilbur, kuna hata Adam, yule mwanauchumi wa 1776. Yule wa mpelelezi mama wa Botswana simwoni.

Mtoa mada
Huyo jina lake la ukoo ni maneno mawili, McCall Smith. Jaribu M. Na Adam mwache mwisho, mkuu, asije akakufukuza mapema.